Daftari ni lako, ufunguo ni wa nani?

KILA tunapoweka programu mpya kwenye kompyuta hujitokeza maandishi marefu, madogo madogo, na chini yake kitufe cha kukubali. Sijapata kumwona mtu akiyasoma yote. Tunabonyeza, tunaendelea na kazi. Maandishi yale ndiyo leseni, na leseni ni mkataba. Mwenye programu anakuruhusu kuitumia kwa masharti aliyoyapanga yeye. Hujanunua programu, umenunua ruhusa.

Hilo wengi wanalijua, walau kwa kusikia. Lisilozungumzwa sana ni kwamba baada ya mwaka mmoja au miwili, ndani ya programu ile mnakuwa na vitu ambavyo ni vyako wewe: orodha ya wadeni wa duka, michango ya msikiti, ada za madrasa, mafaili ya wagonjwa wa zahanati. Hakuna leseni inayosema vitu hivyo ni vya mtengenezaji. Lakini vimehifadhiwa kwa maandishi ambayo programu ile peke yake ndiyo inayoyaelewa. Sasa je, siku mwenye programu akisema "basi", daftari lako utalisoma kwa macho ya nani?

Swali hili liliwafika mwaka 2005 watu ambao mtu angedhani ndio wa mwisho kufikwa nalo, yaani baadhi ya mafundi hodari kabisa wa kompyuta duniani. Kisa chao nakiona kina mafunzo kuliko maelezo mengi ya kisheria, kwa hiyo nitakisimulia kwa kirefu kidogo.

ZAWADI YENYE MASHARTI

Linux ni programu ya msingi inayoendesha kompyuta. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Leo ndiyo iliyo ndani ya simu zote za Android na ndani ya seva nyingi za intaneti. Maandishi yake ya ndani, ambayo wataalamu huyaita msimbo, yako wazi kwa kila mtu. Yeyote anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kupeleka marekebisho yake.

Uwazi huo ulileta taabu yake. Marekebisho yalimiminika kwa barua pepe kutoka kila pembe ya dunia, na Torvalds alikuwa akiyapokea na kuyaunganisha kwa mkono. Mengine yalipotea njiani, wenyewe wakayatuma mara ya pili na ya tatu, na manung'uniko yakawa mengi. Kilichohitajika ni daftari la mabadiliko, yaani programu inayoandika nani amebadilisha mstari upi, lini na kwa sababu gani, na inayokuwezesha kurudi nyuma ukigundua kosa. Programu za namna hiyo zilikuwapo za bure, lakini Torvalds aliziona hazifai kwa kazi kubwa kama ile.

Mwaka 2002 akachagua BitKeeper. Hii ilikuwa mali ya kampuni ya Kimarekani iitwayo BitMover, iliyoasisiwa na Larry McVoy, na msimbo wake ulikuwa siri ya kampuni. Wateja wa biashara waliinunua. Watengenezaji wa programu huria walipewa bure, ila kwa masharti. Maelezo ya mabadiliko yao yalitakiwa yapelekwe kwenye seva ya kumbukumbu iliyoendeshwa na kampuni, yaonekane na watu wote. Aidha, anayeitumia bure hakuruhusiwa kushiriki kutengeneza programu shindani. Sharti hilo la pili ndilo zito. Fikiria mtu akuazime cherehani bure, kisha akuambie kwamba muda wote unaoitumia usishiriki kuunda cherehani nyingine.

Richard Stallman, mwasisi wa harakati za programu huria, alipinga waziwazi. Torvalds akashikilia kwamba yeye anatafuta chombo kinachofanya kazi vizuri kuliko vingine, na hiki ndicho. Na kwa hakika kazi ilikwenda. Marekebisho yaliunganishwa kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana kabla. Wasioitaka leseni ile nao hawakuachwa mikono mitupu, kwani kampuni iliweka njia ya kuutoa msimbo na sehemu ya historia yake katika mfumo wa kawaida wa CVS. Lakini katika safari hiyo historia ilibanwa. Matawi ya kazi yaliyokuwa yakienda sambamba yalinyooshwa yakawa mstari mmoja. Historia kamili ilibaki ndani ya BitKeeper, nayo ilisomwa kwa BitKeeper tu.

Hapo ndipo penye kiini cha mada yetu. Waliyoyaandika yalikuwa yao, tena yaliyo wazi kwa dunia nzima. Habari kamili za namna walivyoyaandika zilikuwa nyuma ya mlango wa mtu mwingine.

KUSIKILIZA MKAHAWANI

Sasa anaingia Andrew Tridgell wa Australia. Mtu huyu alikuwa tayari na jina kubwa. Mwishoni mwa 1991 na mwanzoni mwa 1992, akiwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, alianza kazi iliyokuja kuitwa Samba, programu inayoziwezesha kompyuta za aina nyingine kuzungumza na za Windows, zikabadilishana mafaili na kutumia printa moja. Ofisi ngapi zimeendeshwa na Samba pasipo wenyewe kujua! Aliifanya kazi hiyo bila kupewa maelezo ya siri na yeyote.

Aliifanyaje? Mwenyewe alieleza kwa mfano wa mkahawa wa Kifaransa. Unaingia mkahawani nchini Ufaransa na Kifaransa hukijui. Unakaa kimya, unasikiliza. Mteja anatamka neno fulani, mhudumu anamletea mkate. Mwingine anatamka neno jingine, analetewa kahawa. Kidogo kidogo unaanza kuagiza mwenyewe. Ukikosea, mhudumu atakutazama kwa mshangao, na mshangao wake nao ni somo. Ndivyo Tridgell alivyosikiliza mazungumzo ya kompyuta mbili waya hadi waya mpaka akaielewa lugha yao.

Kazi ya namna hii kwa Kiswahili naipenda niiite kufumua. Fundi cherehani akipenda mshono wa kanzu aliouona mahali, ataifumua moja aone ilivyokatwa. Lakini tutofautishe. Kuna kufumua hasa, yaani kuifungua programu yenyewe na kusoma amri zake za ndani. Na kuna alichokifanya Tridgell, ambaye kanzu hakuigusa kabisa. Alisimama nje akatazama mvaaji anavyotembea.

Mwanzoni mwa 2005 akaigeukia BitKeeper. Alitaka kutengeneza programu ndogo ya huria itakayoweza kuichukua historia ya Linux kutoka kwenye seva za BitKeeper bila kuitumia BitKeeper. Yeye leseni ile hakuwahi kuikubali, na programu ile hakuwahi kuitumia. Kampuni ilipopata habari ilikasirika sana. Kwa bahati mbaya Tridgell na Torvalds wakati huo walikuwa waajiriwa wa taasisi moja, OSDL, ingawa kazi hii haikuwa ya taasisi. Mazungumzo ya faraghani hayakuzaa matunda. Mwanzoni mwa Aprili 2005 BitMover ikatangaza kwamba inakomesha kutoa BitKeeper ya bure. Miaka mitatu ya kazi ya Linux ikajikuta haina daftari.

Baada ya tangazo hilo ulifanyika mkutano mkubwa wa wanalinux mjini Canberra, mwezi huohuo wa Aprili, na Tridgell akaonyesha hadharani uchawi wake. Aliunganisha kompyuta yake na seva ya BitKeeper kwa programu ya kawaida ya telnet, iliyokuwamo wakati huo karibu katika kila kompyuta. Kisha akaandika neno la Kiingereza la kuomba msaada. Seva ikamjibu kwa orodha ya amri inazozikubali! Mojawapo ilikuwa amri ya kutoa nakala ya hifadhi nzima. Watu ukumbini wakacheka. Na mafaili yaliyotoka yalikuwa na sura ya SCCS, mfumo uliobuniwa katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1972, ambao maelezo yake yalikuwa yamechapishwa siku nyingi. Basi siri iliyosababisha ugomvi wote ule ilikuwa mlango uliofungwa kwa komeo bila kufuli.

NANI ALIKOSEA?

Torvalds hakufurahi hata kidogo. Alimlaumu Tridgell hadharani kwamba ameharibu chombo kilichokuwa kikifanya kazi, bila kuleta badala yake. Wapo hadi leo wanaomwona hivyo.

Mimi nataka tumtendee haki McVoy kwanza. Alikuwa na wafanyakazi wa kulipa mishahara, alitumia miaka kujenga chombo kizuri, na alikitoa bure kwa watu ambao wengi wao walimtukana kila wiki. Hakumlazimisha mtu. Aliweka masharti yake mezani, aliyeyataka akayakubali, na aliyeyakubali alipaswa kuyatimiza. Sisi tunaojua uzito wa ahadi hatuwezi kulifanyia mzaha jambo hilo. Anayesema "nilibonyeza tu, sikusoma" hajajitoa kwenye mkataba.

Lakini mkataba humfunga aliyeingia. Tridgell hakuingia. Jirani hafungwi na makubaliano yako na mwenye nyumba wako. Tena hakuchukua msimbo wa BitKeeper, hata mstari mmoja. Alichokitafuta ni historia ya Linux, ambayo haikuwa mali ya BitMover. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, lawama ya kupotea kwa daftari haimfikii yeye. Kama inamfikia mtu, basi ni wale walioweka kazi ya watu wote mahali ambapo idhini ya mtu mmoja ikiondoka, kila kitu kinasimama. Ugomvi ungeweza kuanzishwa na jambo jingine lolote. Kampuni ingeweza kufilisika, kuuzwa, au kubadilisha bei.

Na hapa lazima niseme la kwetu. Mitaani kwetu programu zinazonakiliwa bila leseni zimeuzwa kama karanga, na wako watakaosoma makala hii wakadhani kufumua ni jina zuri la uharamia. La hasha. Anayenakili programu ya mtu ili asilipe anachukua kazi ya mtu. Anayetafuta njia ya kusoma hesabu zake mwenyewe anachukua kilicho chake. Mambo hayo mawili yamechanganywa mno, na wanaonufaika na mchanganyiko huo ni wauzaji.

SHERIA ZINASEMAJE

Nchi hazikukubaliana. Ulaya ilipitisha mwongozo wake wa hakimiliki ya programu mwaka 1991, na humo iliruhusu kufumua programu pale inapokuwa lazima ili programu nyingine iweze kuwasiliana nayo. Mkataba unaokataza hilo, kwa sehemu hiyo, ni batili. Kadhalika mwenye leseni halali ana haki ya kuitazama, kuichunguza na kuijaribu programu ili kujua inavyofanya kazi. Mwezi Mei 2012 Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika shauri la SAS Institute dhidi ya World Programming, ilikwenda mbele zaidi. Iliamua kwamba kazi inayofanywa na programu, na mpangilio wa mafaili yake ya data, havilindwi na hakimiliki ya programu kwa mujibu wa mwongozo ule. Msimbo ni wa mwenyewe, lakini umbo la daftari si lake peke yake.

Marekani mambo ni ya mashaka zaidi. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa iliiruhusu kampuni ya Accolade, iliyofumua mitambo ya michezo ya Sega ili itengeneze michezo inayoingiliana nayo. Lakini mwaka 2003, katika shauri la Bowers na Baystate, mahakama nyingine ya rufaa ilishikilia kwamba sharti la leseni linalokataza kufumua linaweza kumfunga aliyelikubali. Yaani kule haki unayo, ila unaweza kuitoa kwa kubonyeza kitufe.

Samba nayo ilipata siku yake. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 na kuiamuru itoe maelezo ya lugha ambazo seva zake huzungumza. Kampuni ilikata rufaa ikashindwa Septemba 2007. Desemba ya mwaka huo watu wa Samba walilipa euro 10,000, wakapewa nyaraka za lugha ambayo Tridgell aliianza kujifunza kwa kusikiliza miaka 15 nyuma.

DUKA LA KARIAKOO

Mambo ya Ulaya yasitupeleke mbali. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo, Dar es Salaam, anayeuza vifaa vya umeme kwa jumla. Programu yake ya hesabu ilikuwa imekoma kufunguka. Leseni ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, aliyemuuzia amehama, simu haipatikani. Ndani mlikuwa na madeni ya wateja ya miaka mitatu. "Mwalimu," akaniambia, "mimi programu yao siitaki tena. Naitaka ile orodha ya watu wanaonidai na ninaowadai." Tena alikuwa amelipa kila shilingi ya leseni zile, stakabadhi anazo.

Nikatazama mafaili. Yalikuwa na majina ya ajabu, lakini nilipoyachungulia kwa programu ya kawaida ya kusomea maandishi, herufi za mwanzo na mpangilio wake vilinijulisha kwamba ni mafaili ya dBase, mfumo wa hifadhidata wa tangu miaka ya 1980. Mtengenezaji alikuwa amebadilisha herufi tatu za mwisho wa jina, basi. Nilizirudisha kwenye nakala, nikazifungua kwa programu ya bure ya majedwali, na majina ya wadeni yakajipanga mbele yetu. Ilichukua mchana mmoja, tena sehemu kubwa ya mchana huo ilikwenda kungojea umeme urudi. Programu yenyewe hatukuigusa. Mpaka leo haifunguki.

Yeye alikuwa na bahati. Siku hizi programu nyingi haziko kwenye kompyuta ya mtu hata kidogo. Ziko kwenye seva ya mwenye nazo, unaingia kwa neno la siri. Hapo hakuna faili la kuchungulia.

KILICHOZALIWA

Turudi kwa Torvalds. Alipokosa BitKeeper aliacha kazi nyingine zote, na tarehe 3 Aprili 2005 akaanza kuandika chombo chake mwenyewe, akakiita Git. Tarehe 7 kilikuwa tayari kinahifadhi historia ya msimbo wake chenyewe. Mwezi Juni toleo la Linux 2.6.12 lilitoka likiwa limesimamiwa na Git. Leo ndicho chombo kinachotumiwa kuliko vingine vyote vya aina yake duniani.

Kilicho muhimu kwa mada yetu ni namna kilivyojengwa. Kila mwenye nakala ana historia yote, tangu mstari wa kwanza, kwenye diski yake. Leseni yake ni ya huria. Umbo la mafaili yake limeelezwa waziwazi, kiasi kwamba watu wengine wameandika programu zao za kulisoma kwa lugha za Java, C na Python bila kumuomba mtu ruhusa. Aliyeumwa na nyoka hakuacha shimo nyumbani mwake.

Hata hivyo kovu lipo. Hifadhi kuu ya Linux inaanzia Aprili 2005, na ukitaka ya nyuma lazima uende kwenye hifadhi nyingine zilizokusanywa kando. BitKeeper nayo ilitolewa kwa leseni huria ya Apache mwezi Mei 2016. Wakati huo waliokuwa wakiihitaji walikwishahama miaka 11.

Wala msidhani wanaotumia Git wameokoka moja kwa moja. Wengi huweka kazi zao GitHub, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5. Watu waliochukia ununuzi ule walihamisha msimbo wao kwa dakika chache, kwa kuwa Git inaruhusu. Mijadala yao, malalamiko ya watumiaji na majibu yake, hayo hayamo ndani ya Git. Yamo kwenye hifadhi ya kampuni, na kuyatoa ni kazi ya pekee.

Serikali zimeanza kulitambua jambo hili. Ulaya tangu Mei 2018, na Kenya kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, zinampa mtu haki ya kudai data zake binafsi katika mfumo wa kawaida unaosomeka na kompyuta. Ila zingatia neno "binafsi". Vitabu vya hesabu vya duka au orodha ya mali za jumuiya ni suala jingine, na hapo kinga yako ni ile uliyoiandika kwenye makubaliano na muuzaji.

Kwa hiyo kamati ya msikiti, mwenye duka au mkuu wa shule atakayeletewa programu wiki ijayo asiulize bei tu. Aulize: data zote zinatoka vipi, kwa mfumo gani, na leseni ikiisha bado zitatoka? Ajibiwe kwa maandishi. Kisha asingoje siku ya ugomvi. Baada ya mwezi mmoja wa kuitumia azitoe zote, aziweke kwenye kompyuta nyingine isiyo na programu ile, azifungue, na ahesabu mistari kama imetimia, kwa sababu nimeona programu zinazotoa majina ya wadeni zikaacha tarehe za madeni.